Donge Kooni, Mkono Tumboni

Shangazi yangu alipomaliza eda alianza kulalamika kwamba kuna kitu kimemkwama kooni. Haukuwa mwiba wa samaki, na kidonda hakikuwepo. Ni kitu tu, alisema, kama kokwa ya tende isiyotaka kushuka wala kupanda. Akila hakisikii. Akimeza mate matupu kipo, na jioni akikaa peke yake barazani ndipo kinapozidi. Tulimpeleka hospitali. Daktari akamulika koo, akapapasa shingo, akaagiza picha, na majibu yakatoka mazuri. "Mama, huna kitu," akamwambia kwa upole. Shangazi akajitanda mtandio wake, tukatoka. Tulipofika kituo cha daladala akanigeukia: "Mwanangu, kama sina kitu, hiki ninachokimeza ni nini?"

Sikuwa na jibu. Swali lile lilinirudia miaka baadaye nilipoanza kusoma habari za Kampo, tiba ya mitishamba ya Wajapani, nikakuta kwamba donge la shangazi yangu lina jina na lina umri mkubwa. Limeelezwa katika maandishi ya tabibu wa Kichina Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, yapata miaka 1800 iliyopita. Anamtaja mwanamke anayehisi kama kipande cha nyama ya kuchoma kimemng'ang'ania kooni. Baadaye donge hilo likafananishwa na kokwa ya tunda liitwalo ume, na Wajapani waliorithi maandishi hayo wakaushika mfano huo. Nyama kwa mmoja, kokwa ya ume kwa mwingine, kokwa ya tende kwa shangazi: kila mtu na chakula cha kwao, koo ni lile lile.

Dawa iliyoandikwa kwa ajili ya hali hiyo inaitwa hangekobokuto, na hospitali za Japani zinaitoa hadi leo. Ina vitu vitano: kiazi kiitwacho hange, gome la mti wa koboku, uyoga unaoota kwenye mizizi ya misonobari, majani ya shiso ambayo ni ya ukoo mmoja na mrehani wetu, na tangawizi. Nilipofika kwenye hange nilisimama. Kiazi hicho ni cha jamii moja na magimbi, na kama gimbi lisiloiva, kikiliwa kibichi huwasha na kulikaba koo. Kazi mojawapo ya tangawizi katika dawa hii ni kukituliza. Kwa hiyo mtu aliyekabwa koo anapewa kiazi chenye tabia ya kukaba, kikiwa kimeshafugwa. Nimeitafakari sana busara hiyo. Anayekijua kinachokaba ndiye anayejua namna ya kukilegeza.

Kampo maana yake ni mbinu ya Han, yaani njia ya Kichina. Ilianza kuingia Japani kupitia Korea na China kuanzia karne ya 5 na ya 6. Huko Nara, katika ghala la mbao liitwalo Shosoin, zimehifadhiwa dawa ambazo Malkia Komyo aliziweka wakfu mwaka 756 mbele ya Buddha mkubwa wa hekalu la Todaiji. Orodha yake ilikuwa na aina 60, ikiwemo jinsengi, mdalasini na urukususu, na ilielezwa kwamba wanaoteseka kwa maradhi waweze kuzitumia. Mwaka 984 tabibu Tanba Yasuyori alikamilisha Ishinpo, kitabu cha tiba kilicho kikongwe kuliko vyote vilivyosalia nchini humo. Kisha Wajapani wakaanza kuchuja na kuongeza ya kwao. Walichokiongeza, na ambacho ndicho kilichonivuta kuliko vyote, ni mkono juu ya tumbo.

Tazama unavyofanyika uchunguzi huo. Mgonjwa analala chali, miguu imenyooshwa na mikono iko ubavuni. Daktari wa kisasa anayetafuta uvimbe ndani ya tumbo humtaka mgonjwa akunje magoti ili misuli ilegee. Wa Kampo anataka miguu inyooke, kwa sababu anatafuta hali ya tumbo lenyewe lilivyo: lina nguvu au limelegea, lina joto au baridi, linakataa mkono au linaukubali. Anaweka kiganja kizima kwanza. Halafu vidole vinakwenda kwenye chembe cha moyo na kubonyeza taratibu; kama pagumu, ni dalili. Vinapita chini ya mbavu, kulia na kushoto. Kama mgonjwa anahisi kubanwa hapo, ni dalili nyingine. Mwishoni daktari anagonga kwa ncha za vidole juu ya tumbo na kutega sikio. Kwa baadhi ya watu husikika maji yakichezacheza kama kwenye kibuyu kisichojaa. Huyo ni mtu ambaye tumbo lake halisukumi mbele kile kilichoingia. Katika karne ya 18 tabibu Yoshimasu Todo aliusisitiza uchunguzi huu wa tumbo kiasi cha kuuweka juu ya kushika mshipa, na wengi waliomfuata walibaki na imani hiyo.

Pamoja na tumbo huangaliwa ulimi, hushikwa mshipa wa mkono, hunuswa pumzi, husikilizwa sauti, na huulizwa maswali ambayo kwetu mgonjwa angeshangaa kuulizwa. Miguu yako hupoa usiku? Unapenda kunywa maji ya moto au ya baridi? Jasho linakutoka wapi? Unaota ndoto gani? Vyote vikikusanywa vinatoa kitu kinachoitwa sho. Wataalamu hukieleza kuwa ni mkusanyiko wa dalili unaoelekeza dawa. Mimi naona Kiswahili kina neno lake tayari, nalo ni hali.

Sisi tukikutana hatuulizani "una ugonjwa gani?" Tunaulizana "u hali gani?" Ni swali kubwa mno. Linamuuliza mtu alivyo leo, mwili na roho, nyumba na shamba, deni na mtoto aliye mbali. Lakini tumelizoea mpaka tumelikausha. Jibu ni "nzuri" kabla swali halijafika mwisho. Hata mgonjwa kitandani husema kwanza "nzuri," ndipo aanze kueleza jinsi asivyolala. Nilipoisoma sho nilihisi nimekutana na watu waliolichukua swali letu la kila siku, wakakaa chini, wakangoja jibu.

Na jibu la hali huenda mbali na jina la ugonjwa. Mfano ni kikohozi. Watu wawili wamekuja, wote wamepata mafua wiki iliyopita, wote wanakohoa. Mmoja anatoka kamasi kama maji, anapiga chafya, kifuani makohozi mepesi yanamchemka na mgongo unamsisimka kwa baridi. Huyo anaweza kupewa shoseiryuto, yenye tangawizi kavu, mdalasini na mmea wa mao, vitu vya kumpasha moto na kukausha. Wa pili anakohoa kikavu, koo limekwaruzika, kikohozi kikimshika hakimwachi mpaka uso uwive na machozi yatoke. Huyo kumkausha ni kumwongezea mateso. Dawa yake ni bakumondoto, iliyobeba kiazi chenye utelezi cha bakumondo, jinsengi, urukususu, tunda la jamii ya kunazi, hange, na mchele. Ndiyo, mchele huu wa kupikwa, usiokobolewa. Ugonjwa una jina moja na dawa ni mbili zinazokaribia kupingana. Kinyume chake pia hutokea: watu wenye magonjwa tofauti kwa majina wakapewa dawa moja kwa kuwa hali yao ni moja.

Tumboni ni vivyo hivyo, na huko majina ya dawa yenyewe yanafundisha. Kwa mtu asiye na hamu ya chakula, anayeshiba kwa tonge mbili, tumbo limejaa gesi na mwili umenyong'onyea, iko rikkunshito. Maana yake ni dawa ya waungwana sita. Waungwana hao ni jinsengi, mzizi wa jutsu, uyoga wa msonobari, urukususu, hange na ganda kavu la chenza, ambalo husifiwa likizeeka. Tangawizi na tunda la kunazi wamo humo pia, lakini wao ni wahudumu wa karamu, hawahesabiwi. Kwa nini waungwana? Kwa sababu hakuna hata mmoja anayeingia kwa kishindo. Kwetu pwani muungwana hujulikana kwa jinsi anavyobisha hodi. Na tumbo lililochoka haliwezi kumpokea mgeni anayevunja mlango. Watafiti wa leo wameonyesha kwamba dawa hiyo huchochea ghrelini, homoni ya njaa ambayo Wajapani Kojima na Kangawa na wenzao waliitangaza mwaka 1999. Imebidi kungoja mamia ya miaka ili maabara ipate njia moja ya kueleza adabu ya waungwana hao, na sidhani kama hiyo ni aibu kwa upande wowote.

Kwa tumbo lililopoa na kusokota, matumbo yakionekana yakitembea chini ya ngozi, iko daikenchuto: tangawizi iliyokaushwa, jinsengi, sansho ambacho ni kiungo kikali kinachotia ulimi ganzi, na sukari ya kimea. Madaktari wa upasuaji wa Japani huitumia sana kwa wagonjwa waliopasuliwa tumbo ambao utumbo wao umegoma kuamka. Jina lake ni dawa kubwa ya kujenga kati. Kujenga kati! Naona hapo falsafa nzima ya tiba. Mtu akivunjika, tunakimbilia panapovuja damu, na ni haki. Lakini yapo maradhi ambayo hayavuji. Kilichoanguka ni nguzo ya kati, ile inayoshika paa, na wapita njia wanaona kuta zimesimama.

Nguzo hiyo sisi tunaijua kwa lugha. Mtu mwenye hofu tunasema tumbo joto. Asiyeweza kutunza siri tunasema hana kifua. Aliyeudhika akanyamaza tunasema ana donge, na aliyelazimika kuvumilia tunasema amelimeza. Mhenga aliyeyatunga haya alikuwa ameweka mkono juu ya tumbo la mtu. Alijua kwamba neno lisilosemwa halipotei. Linatafuta mahali pa kukaa, na mahali pake panakuwa kati ya koo na kitovu. Hatukuhitaji Japani kutufundisha hilo. Tulihitaji pengine kukumbushwa kwamba tuliyasema kwa dhati, kabla hayajawa misemo ya kupambia mazungumzo.

Sasa lazima niseme lingine, maana anayesifu mitishamba bila kutaja makaburi yake hampendi mgonjwa.

Katika zama za Meiji Japani ilichagua tiba ya Ulaya, hasa ya Kijerumani. Kanuni za 1883 zikamtaka kila daktari mpya afaulu mtihani wa tiba ya kisasa, na mwaka 1895 bunge likakataa ombi la matabibu wa Kampo la kutambuliwa kivyao. Kampo ilidhaniwa imekufa. Wachache wakaishikilia, na mnamo 1950 wakaanzisha chama chao cha tiba ya Mashariki. Mwaka 1967 dawa nne za Kampo ziliingizwa kwenye bima ya afya ya taifa, 1976 zikaongezwa kwa wingi, na sasa ni 148. Jungu la udongo lililokuwa likichemka taratibu mpaka maji yabaki nusu, nyumba nzima ikinukia mdalasini na mizizi, likawa chengachenga ndani ya kipakiti chenye namba: rikkunshito 43, daikenchuto 100. Anayeziandika ni daktari yule yule mwenye leseni moja ya tiba ya kisasa, anayejua kusoma picha ya mapafu na kupapasa tumbo.

Urahisi huo ulikuja na hatari. Shosaikoto ni dawa ya mtu anayebanwa chini ya mbavu, na katika miaka ya 1980 na 1990 ilitolewa kwa wingi mno kwa wagonjwa wa ini. Mara nyingi iliandikwa kwa jina la ugonjwa tu, bila kuulizwa hali. Mwezi Machi 1996 serikali ya Japani ilitoa onyo la dharura: wagonjwa 88 walipata uvimbe mkali wa mapafu kwa dawa hiyo, na 10 kati yao walifariki. Watu walioingia kwa ajili ya ini walitolewa na kifua. Urukususu nao, unaofanya dawa nyingi za Kampo kuwa tamu, ukizidi hushusha potasiamu mwilini, hupandisha shinikizo la damu na kuvimbisha miguu. Mmea wa mao ndio ambao Nagai Nagayoshi alichopoa ndani yake efedrini mwaka 1885, dawa iliyokuja kufungua vifua vya wagonjwa wa pumu duniani kote. Na efedrini hiyo hiyo huukimbiza moyo wa mzee mpaka akapoteza usingizi, au zaidi ya usingizi.

Baadhi ya watetezi wa Kampo walijibu kwamba vifo vile vilitokana na kuiacha sho. Kuna ukweli hapo, nao ni ukweli mchungu: ukilitibu jina ukamsahau mtu, hata dawa ya waungwana hugeuka. Lakini siridhiki na jibu hilo likisimama peke yake. Mkono ulio makini kuliko yote hauyaoni mapafu yanayoanza kukakamaa. Ugumu kwenye chembe cha moyo unaweza kuwa kiungulia, unaweza kuwa huzuni, na unaweza kuwa mshipa wa moyo unaoziba saa hiyo hiyo. Kwa huyo wa tatu, kumchemshia mizizi ni kumchimbia kaburi. Mkono unaokataa kusahihishwa na kipimo una kiburi kile kile cha kipimo kinachokataa kumsikiliza mtu. Nimekwisha kuwaona wa aina zote mbili hapa kwetu: anayemwambia mgonjwa huna kitu kwa sababu picha ni safi, na anayemwambia aache vidonge vya sukari kwa sababu mizizi yake inatibu kila kitu. Wote wawili wameacha kuuliza.

Ndiyo maana naithamini desturi moja ya zamani ya mji wa Toyama. Wauza dawa wa huko, waliosifika kwa hangontan, dawa yao ya tumbo, walikuwa wakitembea nchi nzima na mabegi mgongoni. Hawakuuza kwanza. Waliacha sanduku la dawa nyumbani kwa mtu, wakaenda zao, wakarudi baada ya mwaka; wakahesabu kilichotumika, wakalipwa hicho tu, wakajaza upya. Biashara, ndiyo, na yenye akili. Lakini ndani yake mlikuwa na ahadi: nitarudi. Muuza dawa aliyejua atabisha hodi mlango ule ule mwakani ana sababu ya kuogopa kumdhuru mtu. Naye daktari wa Kampo anayefanya kazi yake sawasawa humwambia mgonjwa wa tumbo arudi baada ya wiki mbili, amlaze tena, auweke mkono tena, kwa sababu hali hubadilika na dawa ya jana inaweza kuwa si ya leo. Uponyaji kwa maana hii ni swali linaloulizwa mara ya pili.

Mara ya pili ndiyo tunayoikosa. Zahanati zetu zimejaa, muuguzi mmoja ana foleni inayofika nje ya geti, na kumtaka aulize ndoto za kila mgonjwa ni kumwonea. Nalijua hilo. Lakini swali la hali halihitaji leseni wala halihitaji mizizi kutoka ng'ambo. Tangawizi ipo sokoni, mdalasini upo, na hekima ya kuvitumia ina wenyewe wanaostahili kufanyiwa utafiti kwa heshima. Kinachoadimika ni mtu atakayeuliza kisha akanyamaza.

Mimi mwenyewe nilichelewa. Nilikwenda kumsalimia shangazi jioni moja, muda mrefu baada ya ile safari ya hospitali. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu. Nzuri." Alinijibu nzuri kabla sijauliza. Nikakaa barazani, nikanywa chai yake ya tangawizi, nikasema, "Shangazi, lile donge lilianza lini?"

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Siku nilipozitoa kanzu za marehemu sandukuni nikazigawa."

Hakuna aliyewahi kumuuliza lini. Wote tulimuuliza wapi, na yeye alikuwa akituonyesha koo. Aliongea mpaka adhana ya magharibi, habari za kanzu ile ya harusi na ile yenye doa la kahawa ambayo haikutoka hata kwa limau. Donge halikuondoka siku ile, na singependa kudanganya kwamba liliondoka. Lakini alipoinuka kwenda kutia udhu aliweka kiganja juu ya kifua chake, akakiacha pale kidogo, akasema, "Kumbe kipo kitu."

"Kipo, shangazi," nikamjibu.